Ukikata Leso, Umekata Nini?

Leso ina pindo, mji na jina. Ukiitia mkasi, umekata nguo ama umekata neno la mtu?

Swali hili limewagombanisha jirani zangu hapa Utange, mabinti watatu walioachiwa sanduku la leso na marehemu mama yao. Mdogo anataka zikatwe, zichanganywe rangi, zishonwe mifarishi mitatu. Mkubwa hataki hata kusikia. Ati leso ya mama haikatwi.

Mimi niko na mdogo, lakini si kwa yote. Leso huanza na mkasi: pale Biashara Street inauzwa jozi, vipande viwili vimeungana, na huivai mpaka ikatwe na kukunjwa ncha. Hata neno "leso" ni la vitambaa vya mkononi vya Wareno, ambavyo inasimuliwa wanawake wa pwani waliviunga sita sita wakapata nguo moja. Viraka tulianza navyo zamani.

Ila jina ni jambo jingine. Chukua USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Ondoa herufi tatu za mwanzo tu, onyo la mama limegeuka uchochezi. Na aliyekufa hawezi kurudi kujieleza.

Kwa hivyo pindo kata, mji kata, nyekundu ilaze kando ya manjano upendavyo. Jina liache zima, likae katikati ya mfarishi lisomeke. Likifungiwa sandukuni, msomaji wake ni nondo peke yake.