Neno Moja, Ala Mbili

Kwa mihula minne niliwafundisha wanafunzi wangu juu ya ala ambayo haikuwahi kupigwa na mtu yeyote wa zama zile. Picha yake niliikuta kwenye kitabu cha zamani cha maktaba: kinubi kidogo cha pembe nne, na chini yake maelezo kwamba kimeundwa upya kutokana na vipande vilivyochimbwa kaburini Sutton Hoo. Nilikinakili kwa penseli kwenye daftari la maandalio, na kila nilipofika kwenye falme za kwanza za Waanglo-Saksoni nilikichora ubaoni. Pembeni niliandika Beowulf, jina la shairi la Kiingereza cha kale, kwa kuwa ndani ya shairi hilo watu huimba ukumbini kwa ala iitwayo hearpe. Shairi limesema, kaburi limethibitisha. Wanafunzi waliandika, nami nikaridhika.

Sutton Hoo ni mahali penye matuta, juu ya mto Deben, mashariki ya Uingereza. Mwaka 1939, vita vikiwa vinakaribia, Basil Brown, mchimbaji ambaye hakuwa amesoma chuo kikuu, alifukua tuta moja kwenye ardhi ya Bi Edith Pretty. Mbao za merikebu iliyozikwa humo zilikuwa zimeoza zote. Zilizobaki ni misumari ya chuma, imekaa safu kwa safu mchangani pale ilipopigiliwa, hata umbo la chombo cha mita 27 likaonekana kama unyayo wa mtu aliyekwisha kupita. Katikati palikuwa na chumba cha mazishi chenye dhahabu, upanga, kofia ya chuma iliyovunjikavunjika na vyombo vya fedha kutoka upande wa Mediterania. Mwili haukuonekana, mchanga wa pale una asidi, na asidi haibakizi mfupa. Sarafu za dhahabu zilikuwa 37, na kwa hizo wataalamu wakaona kwamba mazishi ni ya mwanzoni mwa karne ya 7. Wengi humtaja Rædwald, mfalme wa Anglia Mashariki, kuwa ndiye aliyezikwa humo.

Katika vitu hivyo kulikuwa na vipande vya mti wa jamii ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Vilikuwa vichache, vimepinda, na pamoja navyo mabaki ya mkoba wa ngozi ya biva, mnyama wa mitoni, na vibati viwili vyenye vichwa vya ndege wa midomo iliyopinda. Ilieleweka kuwa ni ala ya nyuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Makumbusho ya Uingereza jijini London yakaiunda upya, ikatoka kinubi. Ndicho kilichoingia kwenye kitabu changu.

Aliyenisimamisha hakuwa msomi wa Ulaya. Ni mzee mmoja mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, tuliyekuwa tumemwalika shuleni kuwapigia wanafunzi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, pete ya chuma kidoleni mwa mguu, akilegeza uzi mmoja na kuukaza, macho yakiwa ubaoni ambako mchoro wangu wa asubuhi ulikuwa haujafutwa.

"Mwalimu, ile ni nini?"

"Ni ala ya wafalme wa Uingereza wa kale, Jaduong'. Ilichimbwa kaburini."

"Yote?"

"Vipande tu."

Akanyamaza kidogo. "Na nani aliyekwambia nyuzi zinapita vile?"

Sikuwa na jibu. Katika nyatiti nyuzi nane hupita juu ya ngozi, zinakaa kwenye kijiti kilichogandishwa kwa nta, kisha hupanda hadi mti wa juu unaounganisha mikono miwili ya ala. Katika adungu ya Waalur, au ennanga ya Waganda, nyuzi hutoka moja kwa moja kwenye sanduku la sauti na kupanda hadi shingo iliyopinda. Ni jamaa mbili tofauti kabisa, na Kiswahili huziita zote kinubi. Biblia zetu humpa Daudi kinubi bila kutuonyesha ni kipi. Hearpe nalo lilinifanya hivyo hivyo: linafanana na harp, jina la Kiingereza la leo la ala ya pembe tatu, basi nikaona hakuna haja ya kuuliza.

Nilipotafuta maandishi mapya zaidi, nikakuta kosa lilikwisha kusahihishwa tangu 1970. Rupert na Myrtle Bruce-Mitford walivipanga upya vile vipande na kuonyesha kwamba ni ala ya nyuzi sita, ndefu, yenye kichwa cha mviringo na mikono miwili: ndugu wa nyatiti, si wa adungu. Walisaidiwa na mabaki kama hayo kutoka kaburi la Taplow, lililochimbwa 1883, na ala za jamii hiyo zilizotoka makaburini Ujerumani. Lakini lililoniumiza zaidi ni Zaburi ya Vespasian, kitabu cha karne ya 8 chenye picha ya Mfalme Daudi akipiga ala ya namna hiyo hiyo, kichwa cha mviringo, nyuzi zimesimama kati ya mikono miwili. Wakati kinubi cha pembe nne kinaundwa, kitabu hicho kilikuwa mali ya makumbusho yale yale.

Siwacheki mafundi wale. Walikuwa na vijiti vichache mkononi, na kofia ya chuma nayo, iliyounganishwa baada ya vita, ilibidi ifumuliwe na Nigel Williams aiunganishe upya 1970 na 1971 kutokana na vipande zaidi ya 500. Wao walirudi kwenye vipande. Mimi sikuwa nimekwenda hata mara moja. Nilichukua shairi ambalo nakala yake pekee iliandikwa karibu mwaka 1000, karne tatu na zaidi baada ya kaburi, na ambalo hadithi yake hutokea Denmark na Sweden wala si Uingereza, nikalifanya shahidi wa kaburi. Kisha nikalifanya kaburi shahidi wa shairi. Mahakamani, mashahidi wawili waliofundishana maneno usiku uliotangulia hawahesabiwi kuwa wawili.

Wala sikuhamia upande wa pili, wa kuitupa kila hadithi. Bede, mtawa wa Kiingereza aliyemaliza historia yake mwaka 731, anasimulia ndugu wawili, Hengist na Horsa, waliokuja Uingereza kwa merikebu kutoka bara la Ulaya wakiwaongoza Waanglo-Saksoni wa kwanza. Kuna wakati wasomi wengi waliona uhamiaji mkubwa wa namna hiyo ni chumvi tupu. Mwaka 2022 vinasaba vya mifupa ya makaburini mashariki ya Uingereza vilionyesha kwamba karibu robo tatu ya asili ya watu wale ilitoka ng'ambo ya bahari, wanawake kwa wanaume, na kwamba walizikwa pamoja na wenyeji na kuoana nao. Hengist na Horsa bado hawajapatikana kaburini, lakini msafara wao umepatikana.

Siku hizi nagawa darasani michoro ya vipande peke yake: mti, ngozi, vichwa vya ndege. Kipindi kizima hatutaji shairi. Wanafunzi huandika wanachokiona, kipimo chake, kilipolala, na kilichokuwa karibu yake. Beowulf hufunguliwa wiki inayofuata, na hapo neno hearpe likitokea, kuna mkono unaonyooshwa kuuliza nyuzi zake zilipita wapi.