Timu Ni Nini? Ushabiki wa Mgeni Katika Jiji la Oklahoma City

Anayehamia jijini na kuanza kuishabikia timu ya huko ya mpira wa kikapu hukutana mapema na swali ambalo wazaliwa wa jiji hawalazimiki kulijibu: anachokipenda ni kitu gani hasa? Wachezaji huja na kuondoka, makocha hufukuzwa, ukumbi huvunjwa ukajengwa mwingine. Katika ligi ya NBA hata jiji laweza kubadilika, maana timu ni mali ya matajiri wachache ambao, wakikubaliwa na wamiliki wenzao, wanaweza kuihamisha. Oklahoma City ni mahali panapofaa kulichunguza swali hili, kwa kuwa timu yake, Thunder, ilitoka Seattle.

Seattle SuperSonics ilianza mwaka 1967 na ikatwaa ubingwa mwaka 1979. Mwaka 2006 iliuzwa kwa dola milioni 350 kwa wafanyabiashara wa Oklahoma walioongozwa na Clay Bennett. Wamiliki hao walitaka ukumbi mpya ujengwe kwa fedha za umma. Viongozi wa jimbo la Washington hawakukubali. Shauri lilifika mahakamani, na Julai 2008 jiji la Seattle na wamiliki hao wakapatana kabla ya hukumu. Timu iliondoka na wachezaji wake, akiwemo kijana Kevin Durant. Seattle ilipewa dola milioni 45, na ikabaki na jina, nembo na rangi za SuperSonics kwa ajili ya timu ambayo huenda ikaanzishwa tena huko.

Je, timu iliyotwaa ubingwa wa 1979 iko wapi leo? Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, aliandika juu ya meli ya shujaa Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni meli ileile. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes alilikaza fumbo hilo: mtu akizikusanya zile mbao kuukuu na kuunda meli ya pili, ipi ndiyo ya Theseus? Swali hili kwa kawaida huishia darasani, lakini NBA imelitenda kwa kweli. Hornets waliihama Charlotte na kwenda New Orleans mwaka 2002. Miaka miwili baadaye Charlotte ilipata timu nyingine, Bobcats. New Orleans ilipolibadili jina lake kuwa Pelicans mwaka 2013, Charlotte ililichukua tena jina la Hornets mwaka uliofuata, pamoja na rekodi zote za 1988 hadi 2002. Historia ilirudi nyumbani bila mchezaji hata mmoja. Kwa upande mwingine, ubingwa mara tano walioupata Lakers wakiwa Minneapolis, kabla ya kuhama mwaka 1960, mpaka leo unahesabiwa kuwa wa Los Angeles. Ligi haina kanuni moja; kila jambo limeamuliwa kwa mapatano yake. Anayelitafuta jibu kwenye vitabu vya ligi atatoka mikono mitupu.

Aristotle alikaribia zaidi. Katika kitabu cha tatu cha *Siasa* anauliza ni lini mji huwa mji uleule, na anakataa kwamba kuta zinatosha. Kwake kinachoamua ni utaratibu unaowaunganisha watu: waimbaji walewale wakiimba tanzia kisha wakaimba futuhi, wamekuwa kwaya mbili. Kwa kipimo hicho timu si jumla ya wachezaji wake, na hilo ni kweli. Lakini hakitoshi. Thunder ilichukua wachezaji, uongozi na haki zote za kushiriki ligi, yaani utaratibu mzima, na bado kitu kikubwa kilibaki Seattle: watu waliokuwa wakisimuliana juu ya 1979. Timu, ikitazamwa kwa makini, ni kumbukumbu inayotunzwa na watu kwa pamoja mahali fulani. Mengine yote ni vyombo vya kuibeba.

Uongozi wa Thunder wenyewe unaonekana kulielewa hili. Tarehe 19 Aprili 1995 bomu lililipuliwa katika jengo la serikali katikati ya Oklahoma City na kuua watu 168. Kila mchezaji mpya wa Thunder hupelekwa kwenye makumbusho ya mkasa huo, penye viti 168 vitupu. Kijana wa miaka 19 aliyekulia Kanada au Ulaya haambiwi kwanza habari za mpira. Anaambiwa lililowapata watu atakaowachezea. Hivyo ndivyo mgeni anavyopokelewa, na shabiki mgeni hana njia tofauti. Mwanafalsafa Mmarekani Josiah Royce, katika kitabu chake cha 1908 kuhusu uaminifu, alisisitiza kwamba uaminifu ni kujitoa kwa hiari, kwa matendo na bila kukatiza, kwa jambo linalompita mtu binafsi. Hiari ndiyo heshima ya mgeni: mzaliwa aliikuta timu nyumbani, yeye ameichagua.

Matendo yenyewe ni ya kawaida. Msimu una mechi 82 kati ya Oktoba na Aprili, nusu yake nyumbani, na nyingi huchezwa usiku wa baridi katikati ya wiki bila lolote kubwa la kugombea. Huko ndiko ushabiki unakojengwa. Ukumbini watu husimama mpaka Thunder ifunge kikapu cha kwanza. Mgeni asimame nao. Ayajue na majeraha: fainali ya 2012 waliyofungwa na Miami Heat, na Julai 2016, Durant alipoondoka kwenda Golden State Warriors. Aliyeyasikia hayo kwa waliokuwepo ataelewa kwa nini watu wazima walilia Juni 2025, Thunder ilipoifunga Indiana Pacers katika mechi ya saba na kutwaa ubingwa.

Wapo wanaofika kwa kumfuata mtu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, akapita Houston na Portland, kisha akawa Thunder kuanzia 2012 hadi 2014. Mashabiki waliomfuata kutoka Tanzania walibadili timu kila alipohama, wala hawakumsaliti yeyote, kwa sababu ahadi yao ilikuwa kwake. Huo ni upendo kamili, ila deni lake ni jingine: ukomo wake ni safari ya mtu mmoja.

Aliyejifunga kwa timu ya jiji ana deni zito zaidi, na sehemu yake iko Seattle. Royce alifundisha kwamba uaminifu unaouangamiza uaminifu wa wengine una kasoro ndani yake. Shabiki wa Thunder hakuiondoa timu Seattle, na hana sababu ya kuionea aibu furaha yake. Lakini asidai ubingwa wa 1979 kuwa wake, wala asiwakejeli wanaoililia SuperSonics.

Wakazi wa Oklahoma City wanajua kwamba lililoipata Seattle laweza kuwapata. Desemba 2023 walipiga kura kukubali kodi ya mauzo ya asilimia moja ili kujenga ukumbi wa angalau dola milioni 900, ambapo wamiliki watachangia milioni 50, na timu itabaki jijini kwa miaka 25. Mgawanyo huo si wa haki. Wanaoitunza kumbukumbu, ambayo ndiyo timu yenyewe, watalipia karibu gharama yote, na hawakupata hisa hata moja.