MAJI YA SONGEA NA MAJI YA UBATIZO

Masomo: Yoshua 4:1-9, 2 Wafalme 5, Warumi 6:3-5



Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka mto Yordani, Mungu alimwagiza Yoshua achague watu 12, mmoja kwa kila kabila. Kila mtu aliingia mtoni, akatwaa jiwe mahali pale makuhani waliposimama, akalichukua begani mwake. Mawe hayo 12 yakasimamishwa Gilgali. Sababu yake twaisoma wazi: siku watoto watakapouliza mawe yale yana maana gani, wazazi wawe na la kuwajibu. Tuangalie vema agizo hilo. Mawe hayakupewa kinywa. Mtoto ndiye wa kuuliza, na mzazi ndiye wa kujibu. Mzazi akinyamaza, jiwe hubaki jiwe tu.

Mjini Songea, kusini mwa nchi yetu, yako mawe ya namna hiyo. Ni Makumbusho ya Vita vya Maji Maji, yaliyofunguliwa mwaka 1980, na ambayo baadaye yaliwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Kila mwezi wa Februari serikali na wananchi hukusanyika pale, na kilele ni tarehe 27. Lakini katika siku nyingine za mwaka mahali pale ni kimya. Watalii wetu huenda Ngorongoro na Serengeti, na watu wa mabasi hupita Songea wakielekea Mbinga na Mbamba Bay bila kugeuza shingo. Mimi nilipokwenda, siku ya kazi, tulikuwa wageni wachache sana. Nilizunguka polepole, kama ilivyo desturi ya mwalimu, nikisoma kila kibao. Ziko sanamu za viongozi wa Wangoni, ziko silaha za kale, na liko kaburi la pamoja. Kando yake liko kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji wenyewe unaitwa kwa jina lake.

Yafaa tukumbushane habari yenyewe, kwa maana wapo vijana wetu waliofaulu mtihani wa historia na bado hawaijui.

Mwaka 1905 Wajerumani walikuwa wakiitawala nchi hii kwa kodi, kwa viboko na kwa kazi za lazima. Watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba, wakaacha mashamba yao ya chakula, na ujira wao ulikuwa kama hakuna. Huko Ngarambe, karibu na mto Rufiji, akatokea mtu aitwaye Kinjekitile Ngwale. Alitoa dawa ya maji, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama. Waliopewa waliambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mwezi wa Julai mwaka ule Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjekitile mwenyewe alinyongwa, lakini dawa yake ilikwisha kutangulia mbele yake. Kabila baada ya kabila wakaipokea.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge, huko Ulanga. Walikuta bunduki za bombom zinawangoja. Walianguka kama mtama ukatwao. Wangoni nao walipokea maji mwezi wa Septemba, na mwezi wa Oktoba walipigwa vibaya kambini mwao. Wengi wakaitupa dawa, wakikiri kwamba imewadanganya.

Kisha kikaja kisasi. Tarehe 27 Februari 1906, hapo Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, pamoja na Nkosi Mputa Gama, wakawatupa katika kaburi moja. Nduna Songea naye alinyongwa, na jamaa zake waamini hata leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Baada ya kamba ikaja njaa. Majeshi yalichoma vijiji, maghala na mashamba makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki zimeianza. Wanahistoria wakadiria kwamba waliokufa katika vita vile, wengi wao kwa njaa, walikuwa tangu 75,000 hata 300,000.

Ndugu, nimewahi kuwasikia watu wakicheka habari hii. Husema, "Wazee wetu walikuwa wajinga, waliamini maji yatazuia risasi." Mkristo asicheke. Wazee wale hawakuwa wajinga wa dhuluma waliyotendewa. Waliijua vizuri kuliko sisi, maana viboko vilikuwa migongoni mwao. Walitafuta kitu cha kuwaunganisha, na maji yale yaliwaunganisha watu ambao mababu zao walikuwa wakiwindana. Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro, Mbena na Mngoni walikuwa katika vita moja. Hilo halikuwa jambo dogo, na taifa letu halikukosea kulijengea mnara.

Wala tusisimulie habari hii kama kwamba Kanisa lilikuwa limesimama mbali, likitazama. Misheni yetu ya UMCA huko Masasi ilichomwa moto mwaka ule wa 1905. Misheni ya Wabenediktini huko Peramiho ilichomwa pia, na Askofu wao Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake, karibu na Liwale. Kwa watu wengi wa wakati ule, mtu mweupe mwenye msalaba na mtu mweupe mwenye kiboko walikuwa ndugu wa nyumba moja. Kuwaeleza tofauti yao ilikuwa kazi ngumu, na mara nyingine tofauti yenyewe haikuonekana.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niishike kalamu. Kabla ya siku ya kunyongwa, mmisionari wa Kibenediktini aliingia gerezani Songea akawafundisha wafungwa wale, na wengi wao wakabatizwa. Tulifikirie hilo. Watu wale walikwisha kupita katika maji ya kwanza, ambayo yaliwaahidi kwamba hawatakufa, na yakawaangusha. Halafu, kamba ikiwa tayari, waliletewa maji mengine. Tena waliletewa na mtu wa taifa lile lile lililofunga kamba.

Nilisimama kando ya kaburi lile nikajiuliza: maji haya ya pili yaliwaahidi nini? Hayakuwaahidi kwamba kamba itakatika. Walibatizwa, kisha wakanyongwa. Kama ubatizo ungalikuwa dawa ya vita, basi nao ungalishindwa pale pale, mbele ya macho ya watu wote. Yaliyokuwamo moyoni mwa kila mmoja anayajua Mungu peke yake, nasi si mahakimu wao. Lakini kaburi lile latufundisha mambo matatu.

Kwanza, ubatizo si hirizi. Mtume Paulo awaambia Warumi kwamba sisi tuliobatizwa katika Kristo tulibatizwa katika mauti yake, tukazikwa pamoja naye, ili tufufuke pamoja naye. Sikilizeni neno hilo: tulizikwa. Maji ya Kinjekitile yalisema, "Mauti haitakugusa." Maji ya ubatizo yasema, "Mauti itakugusa, lakini Bwana wako alikwisha kuipitia, nawe hutapita peke yako." Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, tena kwamba hata asipowaokoa hawatamsujudia sanamu. Hiyo ndiyo imani. Kujua tu kwamba utapona kesho si imani bado.

Pili, ubatizo si kibali cha kudhulumu. Wale waliotoa hukumu, na waliotia moto maghala ya nafaka ili watoto wafe njaa, walitoka katika nchi ya makanisa mengi. Wengi wao, bila shaka, walibatizwa wangali wachanga. Maji yalikuwa juu ya vichwa vyao, na mikono yao ikatenda vile. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mahali pale Songea, akaonana na jamaa za Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea. Ilikuwa imepita miaka 117. Dhambi isiyoungamwa haiozi ardhini, hungoja. Basi kila mmoja wetu ambaye cheti chake cha ubatizo kimo sandukuni ajiulize: mfanyakazi wangu wa nyumbani amelipwa? Mjane wa ndugu yangu bado ana shamba lake?

Tatu, na hapa nawaomba mnivumilie, maji ya Kinjekitile hayajakauka. Yamebadili chupa tu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Wapo waliofia njiani wakingoja zamu, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakisukumana kuyakanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Na leo, katika mitaa yetu hii, maji huuzwa kwa chupa, mafuta kwa kichupa, na kitambaa kwa kipande, kila kimoja na bei yake. Twaambiwa kimoja ni cha kuzuia ajali, kingine cha kupata visa, kingine cha kufukuza saratani.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye tulifundisha pamoja miaka mingi, alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Alipewa chupa ya maji na mhubiri mmoja, akaambiwa kwamba akiendelea kujidunga sindano ataonyesha kukosa imani. Akaacha sindano. Baada ya miezi michache mguu wake ulikatwa. Alipomwendea yule mhubiri, aliambiwa kwamba alikuwa na shaka moyoni. Ndugu, jibu hilo si geni. Katika Vita vya Maji Maji nako, watu walipoanguka kwa risasi, waliobaki waliambiwa kwamba walioanguka walivunja miiko. Dawa ya namna hiyo haishindwi kamwe. Anayeshindwa ni mgonjwa.

Lakini iko tofauti kati ya wazee wale na wauzaji wa leo. Wazee waliyapokea maji ili waingie vitani kwa ajili ya watu wao. Leo tunayanunua ili kila mtu aokoke peke yake, na muuzaji ajenge ghorofa.

Mtu aweza kuniuliza, "Mwalimu, je, Mungu haponyi kwa maji? Naamani hakupona Yordani?" Alipona, naam. Lakini someni sura yote. Elisha alikataa kupokea hata kitu kimoja mkononi mwa Naamani. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyemkimbilia yule mgeni apate talanta na mavazi, na ukoma wa Naamani ukamwandama yeye na uzao wake. Biblia haikatai kwamba Mungu aweza kutumia maji. Yakataa kwamba yawepo na bei. Yakobo naye atufundisha kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Kanisa letu hufanya hivyo hata leo, bila malipo, na kasisi akishampaka mgonjwa humhimiza anywe dawa za daktari.

Basi tufanye nini? Nina maombi machache tu. Wazazi, mkisafiri kwenda kusini, shukeni Songea mwende na watoto wenu pale kaburini. Wakiuliza, wajibuni yote: ujasiri wa wazee, udanganyifu wa dawa, ukatili wa watawala, na wale waliobatizwa kabla ya kunyongwa. Walimu wa Kipaimara, msifundishe ubatizo kwa maswali na majibu ya kukariri tu. Wasimulieni vijana habari za Songea, waone ni nini Kristo alichokiahidi na ni nini hakukiahidi. Umoja wa Mama na vikundi vya nyumba kwa nyumba, mwulizeni mgonjwa mnayemtembelea kama anaendelea na dawa zake, na kama hana nauli ya hospitali, mchangieni. Huenda mkaona ni jambo dogo. Lakini mtu hukimbilia chupa ya maji anapoona kwamba amebaki peke yake na ugonjwa wake. Wale waliozamishwa pamoja katika maji ya Kristo hawaachani hivyo.

Na Jumapili iliyo karibu na tarehe 27 Februari, tunapowaombea marehemu, tusiwasahau wale waliolala katika kaburi lile moja, waliobatizwa na wasiobatizwa, na maelfu yale waliokufa njaa ambao hakuna kibao kilichoandikwa majina yao.

Tuombe.

Ee Mungu, uliyewavusha watu wako katika maji ya Yordani, na uliyemtoa Mwanao katika wafu: utuokoe na ahadi za uongo, na tamaa ya kujiokoa wenyewe huku tukiwaacha wenzetu. Uwapumzishe wazee wetu waliokufa katika Vita vya Maji Maji. Uwape walioumizwa neema ya kusamehe, na waliodhulumu neema ya kutubu. Nasi tuliobatizwa, utujalie kuishi na kufa kama watu waliokwisha kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, Bwana wetu. Amina.