Ni Nani Amtembezaye Mwanao?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Enyi ndugu zetu Waislamu, kila ifikapo Idi hapa Mombasa, uwanja wa Makadara na ufuo wa Mama Ngina hujaa watoto waliovaa kanzu na magauni mapya, mikononi wana mabuyu na mihogo ya pilipili na ndimu. Ni jambo la kupendeza. Lakini mwenye kutazama vizuri hatakosa kuona ya kuwa wengi wa watoto hao wako na mama zao, au shangazi zao, au dada mkubwa ambaye naye ni mtoto. Baba yu wapi? Yuko barazani. Na akiwapo hapo, basi ameketi garini, simu mkononi, akiuliza kila mara wataondoka lini.

Idi iliyopita nalimwona mama mmoja pale ufuoni. Mtoto mmoja yuko kiunoni, wa pili amemshika mkono, na wa tatu ametangulia mbio kuelekea barabarani kwenye magari, na mama hana mkono wa tatu. Aliyemdaka yule mtoto alikuwa mpita njia. Baba alikuwa karibu kabisa, hakuinua macho mpaka watu walipopiga kelele. Sikulitaja hili ili kumwaibisha. Wengi wetu tumepata kuwa kama yeye, na mimi niandikaye ni mmoja wao.

Wako wasemao ya kuwa kutembea na watoto ni upuuzi, na kwamba mtu mwenye haiba hapasi kuonekana akikimbizana na kitoto cha miaka mitatu. Neno hili silo la dini. Mtume wetu (rehma na amani zimshukie) alisali hali amembeba Umama, mtoto wa bintiye Zainab. Akisujudu humweka chini, akiinuka humchukua. Alikuwa juu ya mimbari akihutubu, akawaona wajukuu zake, Hasan na Husein, wanakuja huku wakijikwaa, akateremka, akawachukua. Mtoto Abu Umair alipofiwa na kidege alichokuwa akichezea, Mtume alimwuliza habari za kidege kile. Na siku ya Idi, Wahabeshi walipokuwa wakicheza kwa mikuki msikitini, alimsitiri Bibi Aisha nyuma yake na kumwacha atazame mpaka alipochoka mwenyewe. Hakumharakisha! Hapo ndipo tunapokosea sisi hata tunapowapeleka watoto: twawapeleka, kisha twawaharakisha. Basi ni haiba gani tuliyo nayo sisi ipitayo haiba yake?

Wengine hutoa udhuru wa fedha. Udhuru huu hatuudharau, kwani maisha ni ghali, na mwenye watoto wanne akihesabu nauli na viingilio hupatwa na kizunguzungu. Lakini mtoto mdogo hajui bei ya kitu. Mpeleke kivukoni Likoni, ambako aendaye kwa miguu halipi; simama naye ubavuni mwa kivuko, umshike mkono barabara, umwonyeshe meli ziingiazo Kilindini. Mpeleke Mji wa Kale asubuhi kabla jua halijawa kali, apapase nakshi za milango, umwambie wazee wake walikaa mtaa upi. Mpeleke pwani maji yakipwa, mtafute kaa katika mashimo yao, umfahamishe kwa nini siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali zaidi. Chukueni mahamri na chupa ya chai kutoka nyumbani. Mambo haya wazee wetu waliyajua bila ya kufundishwa na mtu. Sisi tumezoea kudhani ya kuwa furaha ya mtoto ni lazima inunuliwe.

Na siku fedha zikipatikana, iko Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu yasiyoota kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ikashika. Lakini majani yake yalianguka yakakaa vivyo hivyo, hayaozi. Basi akaleta majongoo, yakayala majani yale, na taka zao zikageuka udongo. Leo pana msitu. Yule jongoo ambaye mtoto humkimbia, na mama humfagia kwa ufagio, ndiye aliyepewa na Mwenyezi Mungu kazi iliyowashinda wenye mitambo. Hebu mwonyeshe mwanao, naye ataikumbuka dalili hii kuliko darsa nyingi, na hata darsa zetu sisi.

Hapo hapo ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, hana mama. Akamwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee, akawa anakula naye na kulala naye. Nilipomsimulia mjukuu wangu kisa hiki tukiwa tumekaa chini ya mivinje, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na babake kiboko alikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Jambo jingine ni sala. Tusifanye matembezi kuwa sababu ya kuipoteza laasiri na kuichanganya na magharibi kwa kuwa eti tulikuwa nje. Ardhi imefanywa kuwa msikiti kwa umma huu. Chukua mkeka; na mtoto akikuona umetoka majini, umetawadha, umesimama juu ya mchanga kuelekea kibla, hahitaji maelezo marefu.

Na mama wa watoto je? Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu ya kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake mpaka wakati wa sala ufike. Kwa hivyo siku hiyo mama asiwe mchukuzi wa vikapu na mfuta pua za watoto peke yake. Akipenda kufuatana nanyi, kikapu kichukue wewe. Akipenda kubaki nyumbani alale, wavishe watoto viatu mwenyewe, uwatoe nje, na mlango uufunge polepole.