Onesimo Hakuandikiwa Tangazo

Somo: Filemoni 10–18



Zamani magazeti ya Marekani yalichapa matangazo ya watumwa waliotoroka: jina, umri, makovu ya viboko, na zawadi kwa atakayemkamata. Huku kwetu, soko la Unguja halikuhitaji gazeti. Mtu alitembezwa mbele ya wanunuzi, akakaguliwa hadi meno. Soko hilo lilifungwa 1873, na Frere Town kule Mombasa ikapokea waliokombolewa.

Onesimo naye alitoroka. Lakini Paulo hakuandika tangazo, aliandika barua. Hakutaja kovu, alimwita mwana. Hakuahidi zawadi, alisema deni lake yeye atalilipa. Haleluya! Ndivyo Yesu alivyotutendea msalabani.

Sasa sikiza. Leo tangazo liko kwenye simu: kazi Ghuba, mshahara mnono, tiketi bure. Kuna waliofika, pasipoti ikachukuliwa. Binti wa jirani hapa Machakos akitaka kwenda, usimwambie tu "Mungu akutangulie." Muulize: wakala amesajiliwa na serikali? Mkataba umeusoma?

Na akirudi mikono mitupu, ana deni, tusimhesabie makovu. Tumpokee kama ndugu, tena tuchange. Amina?