Hatia ya Mrithi

Urithi ni jambo jema katika desturi za wanadamu. Mzazi huona uchungu kufikiri kwamba kazi ya mikono yake itakoma siku atakapokoma yeye. Kwa hiyo hulima, hujenga na huweka akiba, ili wanawe waanzie pale alipofikia. Lakini liko swali ambalo furaha ya urithi hulificha. Ikiwa mali iliyowekwa ilipatikana kwa dhuluma, je, mrithi huchukua mali peke yake, au huchukua na dhuluma pamoja nayo? Swali hili laonekana waziwazi katika historia ya wakulima wa Virginia, huko Marekani, katika karne ya 17 na ya 18. Maana kwao wanadamu wenyewe walikuwa mali ya kurithiwa.

Sheria mbili zaeleza hali yao. Ya kwanza, ya mwaka wa 1662, iliamuru kwamba mtoto afuate hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana wa shamba. Ya pili, ya mwaka wa 1705, iliwahesabu watumwa kuwa kama ardhi katika mambo ya urithi, washukie kwa warithi na kwa wajane. Hivyo kila mtoto aliyezaliwa shambani alizaliwa na urithi wake: mmoja alirithi watu, na mwingine alirithi minyororo.

Tumbaku ilichosha udongo upesi, na watoto wa wakulima walikuwa wengi. Aghalabu baba aliwagawia wana wa kiume mashamba, na mabinti akawapa watumwa. Baba aliyempa binti yake kijakazi siku ya arusi hakudhani kuwa anatenda ukatili. Alidhani anapenda, na kweli alipenda. Lakini kijakazi yule naye alikuwa binti wa mtu, na mama yake alibaki nyuma akitazama njia. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya dhuluma inayorithiwa. Haimjii mtu kwa sura ya adui. Humjia kwa sura ya baba yake, na mkono unaomkabidhi ni mkono uliomlea.

Tumtazame George Washington. Baba yake alipofariki mwaka wa 1743, yeye alikuwa na umri wa miaka 11, naye akarithi watumwa kumi. Nani atamhukumu mtoto wa miaka 11? Mwaka wa 1759 alimwoa Martha Custis, mjane ambaye mume wake wa kwanza alikufa bila ya kuacha wasia. Kwa sheria, mjane alipata theluthi ya watumwa wa marehemu kwa muda wa maisha yake tu. Baada yake walikuwa wa warithi wa Custis. Mwaka wa 1799 palikuwa na watumwa 317 Mount Vernon: 123 walikuwa wa Washington, 153 walikuwa wa fungu la mjane, na karibu wote waliobaki walikodiwa kwa watu wengine. Makundi haya yalikuwa yameoana na kuzaliana. Katika wasia wake Washington aliagiza watumwa wake waachwe huru mkewe atakapofariki, wazee walishwe na kuvikwa, na watoto wasio na wazazi wa kuwatunza wafundishwe kusoma. Alikufa Desemba ya mwaka ule, na Martha akawapa uhuru tarehe 1 Januari, 1801, bila ya kungoja kifo chake. Lakini Martha alipofariki mwaka wa 1802, wale wa fungu lake waligawiwa wajukuu wake wanne. Wako waume waliotoka huru wakawaacha wake zao utumwani.

Mtu atasema: hakuna achaguaye kitanda cha kuzaliwa. Ni kweli, hatia ya kuanzisha dhuluma hairithiwi. Lakini deni hurithiwa. Desturi ya mirathi yajua kwamba wadai hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Thomas Jefferson alirithi kwa baba mkwe wake, John Wayles, watu wapatao 135 pamoja na madeni mazito. Jefferson mwenyewe alipokufa mwaka wa 1826 aliacha madeni makubwa, na Januari ya mwaka wa 1827 watu wapatao 130 wakatiwa mnadani Monticello. Dawa ya deni ni kulipa; nao walilipa. Bali walilipa deni la fedha kwa miili ya watu ambao, kwa haki, walikuwa wadai wakubwa kupita wote.

Mwingine atasema: walikuwa watu wa zama zao. Robert Carter wa Nomini Hall naye alikuwa mtu wa zama zile zile, aliyerithi watumwa wengi kutoka kwa jamaa zake. Sheria ya mwaka wa 1782 iliruhusu bwana kuacha huru watumwa wake, na mwaka wa 1791 Carter aliandika hati ya kuwapa uhuru, kidogo kidogo, watu zaidi ya 450, naye angali hai. Wanawe hawakufurahi. Basi zama hazikufunga mikono ya wote. Wasia wa Washington wastahili sifa yake. Lakini atoaye akiwa hai hutoa kilicho chake, na atoaye kwa wasia hutoa kilichokuwa tayari kinamtoka. Wala kungoja si jambo lisilo na gharama: mwaka wa 1806 sheria iliamuru kila atakayepewa uhuru aondoke Virginia katika muda wa miezi 12, na mlango uliokuwa wazi ukawa mwembamba.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Mrithi akijiuliza, "Je, mimi ndimi niliyetenda?" atajibu upesi kuwa siye, na atalala usingizi. Swali limpasalo ni jingine: "Hiki nilichoshika ni cha nani?" Siku atakapolijua jibu, kisha akaendelea kushika, dhuluma ya baba yake imekwisha kuwa yake mwenyewe.