Wiki Tano za Mtu Mwingine

Kila likizo inapofika vyumba vingi vya Malukhu hubaki na kufuli. Wapangaji wamerudi makwao, lakini kodi wameshalipa, maana wakiviacha hawatavipata tena muhula ukianza. Wakati huohuo wapo wenzetu wanaobaki Mbale kwa mafunzo ya kazini, hawana pa kulala. Katikati yao husimama dalali.

Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa wanaotafuta. Dalali alinipatia muzigo kwa wiki tano, shilingi 120,000, na 20,000 zake mwenyewe. Kufungua mlango nikakuta godoro, sigiri, na kanzu imetundikwa ukutani. "Mwenyewe yuko kwao Arua, harudi mpaka Agosti. Wewe lala tu."

Nikalala. Lakini wiki zile zilikuwa za nani?

Tusimlaumu dalali kwa kazi yake. Imam Bukhari anawataja Ibn Sirin na Ataa katika wasioona ubaya kwenye ujira wa dalali, na anayekuzungusha juani mpaka upate chumba amefanya kazi. Tatizo ni kile alichouza. Katika ijara mwenye nyumba huuza manufaa ya muda maalumu. Muda huo ukishalipiwa, yeye mwenyewe hana tena cha kupangisha, sembuse dalali. Muda ni mali kabisa: mwaka 2003 kampuni ya Munshaat ya Kuwait ilitoa hati za manufaa za mnara wa Zamzam, Makka. Mnunuzi hakupata jengo wala ardhi, ambayo ni waqfu. Alipata wiki zake za kila mwaka, kwa miaka 24. Nani angethubutu kumlaza mtu humo kwa sababu tu mwenye wiki hajafika?

Husemwa: chumba kilikuwa kitupu, nani ameumia? Hoja hii niliipenda sana, hasa usiku wa mvua. Lakini mpangaji alilipia pia haki ya kukiacha kitupu, kanzu yake ibaki ilipo. Na kama kweli hakuna aliyeumia, mbona hatukumpigia simu?

Wengine hutaja kisa cha Urwa al-Bariqi. Mtume (s.a.w.) alimpa dinari anunue kondoo, akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, akaombewa baraka. Kwa hiyo Wamaliki na Wahanafi husema mauzo ya asiye mmiliki husubiri ridhaa ya mwenyewe. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi wetu huku, kauli yenye nguvu ni kwamba ni batili tangu mwanzo. Lakini hata ukichukua kauli nyepesi, Urwa alirudisha dinari kwa mwenyewe. Ya kwangu haikufika Arua, na mimi sikungoja ridhaa ya mtu.

Agosti nilimsubiri mwenye chumba, nikamweleza yote. Alinyamaza, kisha akauliza kama nililalia godoro lake. Nikasema ndiyo. Alikubali nimlipe wiki mbili, kidogo kidogo, tatu akanisamehe. Dalali hakumsamehe.

Desemba dalali yuleyule alinipigia simu. Alitaka kujua kama chumba changu kitakuwa kitupu likizo hii.